Gari Likingoja Abiria, Lichajiwe

Siku ya soko Karatina, ukifika na gunia lako la viazi kwenye steji ya magari ya Nyeri, swali ni moja tu: gari linatoka saa ngapi? Na jibu la makanga halijawahi kubadilika: likijaa. "Shosho, ingia, amebaki mmoja tu." Shosho anaingia, anakuta viti sita vitupu na vijana wawili wamekaa kando ya dereva wakitafuna mahindi ya kuchoma. Dakika ishirini baadaye, abiria wa kweli wakishaongezeka, vijana hao watashuka kimyakimya na kwenda kukalia gari la nyuma. Ni abiria wa kukodiwa. Kazi yao ni kulifanya gari lionekane linakaribia kujaa. Dereva naye ana mchezo wake: anakanyaga mafuta, anasogea mita moja mbele, anarudi mita moja nyuma, moshi wa diseli unafuka, na waliokuwa wakisitasita nje wanakimbilia mlango.

Kazi yangu ni hesabu za usafiri, na saa nilizopoteza ndani ya magari hayo zimenifundisha mengi kuliko ripoti nilizosoma ofisini.

Mazungumzo ya magari ya umeme nchini Kenya huanzia Nairobi na mara nyingi huishia huko. Kampuni ya BasiGo iliingiza mabasi yake ya kwanza katika barabara za jiji mwaka 2022, yakiwa na mitambo ya BYD ya China. Roam, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus, nayo ikaja na mabasi na pikipiki zake. Mtu wa Othaya au Kerugoya huyatazama hayo kwenye runinga kama anayetazama harusi ya jirani. Mimi naona steji za miji inayouzunguka Mlima Kenya zina kitu ambacho betri inakipenda kuliko barabara kuu yoyote ya jiji, nacho ni foleni. Gari linalokaa saa nzima likingoja zamu yake ni gari linaloweza kuchajiwa saa nzima.

Lakini kabla ya kufika kwenye waya na plagi, tuitendee matatu haki.

Chukua vani ya viti 14 inayotoka Nyeri kwenda Nairobi, safari ya kilomita 150 hivi. (Wengi wetu bado tunaiita Nissan, ingawa ukitazama nembo utakuta ni Toyota.) Tuseme inakwenda kilomita 10 kwa lita. Itachoma lita 15 za diseli, na kila lita ya diseli ikichomwa hutoa kaboni dioksidi kilo 2.7 hivi. Jumla ni kilo 40. Gawanya kwa abiria 14, unapata kilo tatu pungufu kidogo kwa kila mmoja. Sasa mtazame bwana anayesafiri peke yake katika gari lake dogo la petroli, kilomita 12 kwa lita. Hadi afike Nairobi ametoa kilo 29. Yule shosho wa viazi anachafua hewa mara kumi chini ya bwana huyo, na sijasikia aliyempa tuzo ya mazingira.

Kinacholeta hesabu hiyo nzuri ni ule utaratibu unaotuudhi, wa "likijaa". Basi kubwa linaloondoka kwa saa likiwa na abiria watatu lingekuwa na hesabu mbaya kuliko gari la yule bwana. Kwa hiyo anayetaka kusafisha usafiri wa mlimani ana mtihani wa pande mbili: asiwatoe watu vitini, na asiwachoshe kwa kungoja mpaka kila mwenye akiba kidogo akimbilie kununua gari lake mwenyewe. Upande huu wa pili ndio unaotushinda sasa. Barabara pana ya Kenol, Sagana hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84, imeifanya safari ya gari la binafsi kuwa tamu, na utamu huo hauwapunguzii wanaongoja steji hata dakika moja.

Wapo wanaosema sekta ya matatu haibadiliki. Wamesahau Februari 2004. John Michuki, mtu wa Kangema pale Murang'a, akiwa waziri wa uchukuzi, aliagiza mikanda kwenye kila kiti, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa njano ubavuni na sare kwa wahudumu. Vani zilizokuwa zikibeba watu 18 kwa kubanana zikabaki na 14. Kulikuwa na mgomo, watu wakatembea kwa miguu, kisha magari yakarudi barabarani yamefungwa mikanda. Baadaye serikali ikawalazimisha wenye magari kujiunga katika sacco au kampuni, na ndiyo maana leo gari la Nyeri lina jina la 2NK au 4NTE ubavuni badala ya kuwa mali ya mtu asiyejulikana. Sacco hiyo ndiyo itakayobeba mabadiliko yajayo, kama yatakuja.

Sasa tupande mlima.

Swali ninaloulizwa mara nyingi na madereva ni hili: gari la betri litaweza vilima vyetu? Wanaliuliza kwa huruma, kama mtu anayemuulizia mtoto mgonjwa. Jibu linahitaji hesabu ndogo ya fizikia. Sagana iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyeri iko kama mita 1,750. Kuinua vani iliyojaa, ya tani tatu na nusu, kwa mita 550 kunahitaji nishati ya uniti tano na kitu za stima, hizo hizo unazonunua kwa tokeni nyumbani. Basi la tani kumi litahitaji uniti 15. Hiyo ni juu ya nishati ya kawaida ya kusukuma gari barabarani, ambayo kwa vani ni kama uniti 12 hadi 15 kwa kilomita 50 za safari hiyo. Kilima kinauma, kwa hiyo, lakini kinaliuma kila gari. Tofauti ni kwamba diseli hailalamiki kwa sauti. Mwenye gari hulipa pampuni bila kuambiwa ni kiasi gani kilikwenda kwa kilima.

Utofauti wa kweli unaonekana wakati wa kushuka. Gari la diseli likishuka kutoka Timau kuelekea Meru, mteremko wa mamia ya mita, dereva anashikilia breki, na ile nishati iliyolipwa wakati wa kupanda inageuka kuwa joto. Abiria wa viti vya nyuma wanaijua harufu yake. Katika gari la umeme, dereva akiachia pedali, mota inageuka kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, nayo inarudisha umeme kwenye betri na wakati huo huo inapunguza mwendo. Nishati yote hairudi, sehemu hupotea njiani, lakini gari hufika bondeni betri ikiwa imeliwa kidogo sana na breki zikiwa bado baridi. Mwinuko wenyewe pia hauisumbui mota. Katika mita 2,000 hewa imepungua kwa asilimia 20 hivi, na injini ya diseli inayohitaji hewa hiyo hulazimika kusaidiwa na tabo. Mota haipumui.

Baridi ya Julai, ile ya Nyeri inayomfanya mtu avae koti mbili, haitoshi kuidhuru betri. Tatizo kubwa la betri hizi ni kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, na huko hatufiki isipokuwa kwa wapanda milima.

Ninachokiogopa kuliko vilima ni keria. Matatu ya mlimani haibebi watu peke yao. Juu yake kuna kabichi, magunia ya viazi, marobota ya mitumba, kuku ndani ya tenga, wakati mwingine kitanda cha maharusi. Betri ya uniti 80 ina uzito wa karibu nusu tani, na nusu tani ni magunia matano ya viazi yanayobaki steji. Mtengenezaji anayeangalia tu barabara za jiji hawezi kuliona hilo. Atauza gari lenye paa jembamba lisiloruhusu keria, na mama wa soko atalitazama mara moja na kuendelea na safari yake. Ningekuwa mwenyekiti wa sacco, swali langu la kwanza kwa muuzaji lisingekuwa gari linakwenda kilomita ngapi. Ningemwuliza linabeba magunia mangapi likiwa na watu 14 ndani.

Na stima yenyewe inatoka wapi? Hapa mlima una hadithi nzuri ambayo watu wake wenyewe hawaisimulii. Mvua inayonyesha Kirinyaga na Nyandarua huingia Sagana, Gura, Thiba na mito mingine mingi, na yote hukutana kuwa Tana. Tana inashuka kwenye ngazi ya mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968. Masinga, bwawa kubwa la kuhifadhi maji, lilikamilika mwaka 1981. Umeme wake hurudi juu kwa waya. Kwa hiyo vani ya umeme inayopanda kutoka Sagana hadi Karatina itakuwa inasukumwa, kwa sehemu, na maji yaliyoteremka kwenye mteremko ule ule siku kadhaa kabla. Sehemu kubwa zaidi inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, na nyingine kwenye upepo wa Loiyangalani, ambako mitambo ya Ziwa Turkana ina uwezo wa megawati 310. Ukijumlisha vyote, karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hautokani na kuchoma mafuta. Katika nchi inayozalisha stima kwa makaa ya mawe, basi la umeme huhamisha moshi kutoka barabarani kwenda kwenye bomba la kiwanda. Kwetu unapungua kweli.

Kuna sharti, nalo ni msitu. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulikausha mabwawa ya Tana mpaka umeme ukagawanywa kwa zamu nchi nzima. Anayekata miti juu kwenye vyanzo vya Tana anapunguza, kwa njia ndefu, chaji ya basi la mjukuu wake. Barafu ya kileleni ni habari nyingine; barafuto zilizohesabiwa 18 zaidi ya miaka mia moja iliyopita zimebaki kama 10 na zinaendelea kusinyaa, na sitamdanganya msomaji kwamba vani za Nyeri zitaziokoa. Moshi uliozila ulitoka sehemu nyingi za dunia.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo hotuba nyingi hukatika.

Tarehe 14 ya kila mwezi, mamlaka ya kawi, EPRA, hutangaza bei mpya za mafuta, na kila dereva wa Nyeri huzijua kabla ya kulala. Tuchukue diseli ya shilingi 165 kwa lita. Vani inayokwenda kilomita 10 kwa lita inakula shilingi 16 na nusu kwa kilomita. Vani ya umeme inatumia kama uniti 0.3 kwa kilomita. Aprili 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya stima kwa magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na nusu yake wakati wa usiku ambapo matumizi ya nchi yako chini. Ongeza kodi na tozo, ifike hata shilingi 24. Bado ni shilingi saba na kidogo kwa kilomita. Gari linalofanya kilomita 200 kwa siku linaokoa zaidi ya shilingi 1,800 kila siku, bila kuhesabu oili, vichujio na breki zinazodumu zaidi.

Mbona basi magari hayajajaa steji? Kwa sababu mwenye matatu wa kawaida wa huku ni mwalimu aliyestaafu, mkulima wa chai aliyepata bonasi, au kikundi cha ndugu watatu waliochanga. Wananunua gari kuukuu kutoka Japani, lisilozidi miaka minane kama sheria inavyotaka, na hesabu yao ni ya jioni: dereva alete fedha walizokubaliana, kinachobaki ni chake na makanga. Gari jipya la umeme bei yake iko mbali sana na gari hilo, na sehemu kubwa ya bei ni betri. Akienda benki, riba itakula ile akiba ya shilingi 1,800 kabla haijafika nyumbani.

Njia ambayo BasiGo ilianza nayo Nairobi inafaa kuangaliwa kwa makini: mwenye gari ananunua basi bila betri, kwa bei inayokaribiana na ya basi la diseli, kisha analipa kwa kila kilomita anayotembea, na ndani ya malipo hayo kuna kukodi betri, kuchaji na matengenezo. Betri ikizeeka, shida ni ya kampuni. Kwa mlimani ningependa kuona hatua moja zaidi: betri na vituo vya kuchajia viwe mali ya sacco yenyewe. Watu wa huku wanajua ushirika. Wameendesha viwanda vya kahawa na chai kwa miaka mingi, kwa raha na kwa ugomvi, na wanajua maana ya mzani, cheti na malipo ya mwisho wa mwaka. Wanajua pia jinsi ushirika unavyoibiwa, na ujuzi huo nao ni mtaji.

Nianzie njia gani? Si Nairobi. Barabara ya Nyeri hadi Nairobi ina umbo la herufi V: unashuka hadi bonde la Sagana, unapanda tena, na kwenda na kurudi ni kilomita 300. Vani ya umeme inaweza, lakini inabanwa. Msongamano mmoja au mvua kubwa, na dereva anaanza kutazama asilimia ya betri badala ya barabara. Njia fupi ndizo zenye faida: Nyeri hadi Karatina, Nyeri hadi Othaya, Nyeri hadi Mukurweini, Nanyuki hadi Naro Moru, Embu hadi Kerugoya. Gari la Karatina likienda na kurudi mara nne kwa siku ni kilomita 200 hivi, uniti 60 za stima. Chaja moja ya kilowati 60 huzirudisha zote kwa saa moja. Na gari hilo, kama nilivyoeleza, linakaa kwenye foleni saa nyingi kuliko hizo. Ule muda ambao mwenye gari huuona kama hasara unageuka kuwa wa kunywesha gari.

Nyeri tayari ina mahali pa kuanzia. Kituo kipya cha mabasi cha mtaa wa Asian Quarters kimepewa jina la Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha field marshal katika Mau Mau na aliyefariki mwaka 2023. Uwanja upo, lami ipo, magari yanajipanga kwa mistari. Kinachohitajika ni kuchimba mitaro ya nyaya chini ya mistari ile, na transfoma inayostahili. Hili la transfoma lisidharauliwe. Chaja kumi za kilowati 60 zikifanya kazi pamoja zinataka kilowati 600, ilhali transfoma ndogo tuliyozoea kuiona juu ya nguzo kijijini haiwezi kuibeba hata moja. Ni gharama ya kulipa mara moja, na kaunti ndiyo inayopaswa kuilipa.

Na stima ikipotea? Itapotea. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Nairobi. Kwa sababu hiyo sishauri sacco yoyote ibadilishe magari yote kwa mkupuo. Yaanze kumi kati ya hamsini. Siku ya giza, arobaini ya diseli yatabeba soko.

Kuna wasomaji watakaoniuliza kuhusu treni. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930 hivi, ikapitia Karatina, ikaikwepa Nyeri na kuweka stesheni yake Kiganjo, nje ya mji. Ikaota nyasi kwa miaka mingi. Mwaka 2020 ilifufuliwa kwa takriban shilingi bilioni 1.8, na Desemba mwaka huo abiria wakapanda tena kutoka Nairobi hadi Nanyuki, safari za wikendi. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini reli ile ni nyembamba, ina kona nyingi, na treni yake ni ya polepole. Kwa mizigo ya saruji, nafaka na mafuta inafaa kabisa, kwa mtu anayewahi hospitali haifai.

Hata hivyo wikendi hizo zingeweza kutufundisha kitu. Uswisi, nchi nyingine ya milima, ina mabasi ya njano ya posta yaliyoanza mwaka 1906, na kazi yake kubwa hadi leo ni kuingoja treni. Treni ikifika bondeni, basi liko pale. Dakika chache baadaye linapanda kijijini, na kwenye kona kali linapiga honi ya sauti tatu ambayo kila mtoto wa Uswisi anaijua. (Honi za matatu zetu zina sauti zaidi ya tatu, lakini haya tuyaache.) Basi hilo halingoji kujaa kwa sababu linajua nani anakuja. Kwetu treni ikisimama Kiganjo, anayekwenda Nyeri mjini anaachiwa ajitafutie njia. Vani mbili za umeme zinazoipokea treni ya Ijumaa na kuipelekea abiria Jumapili zingekuwa jaribio rahisi kuliko yote niliyoyataja, na zingeonyesha kama watu wa mlimani wataliamini gari lenye saa.

Tahadhari moja ya historia. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Bus kwa mabasi mengi yaliyotoka kwa wafadhili. Nauli ilikuwa ya chini, wanafunzi waliyapenda, vijana wa huduma ya taifa waliyaendesha kwa nidhamu. Kufikia katikati ya miaka ya tisini yalikuwa yameegeshwa yakiota kutu. Mabasi ya aina nyingi, vipuri vya nchi nyingi, na hakuna fundi wa mtaani aliyefundishwa kuyafungua. Leo ukisikia mfadhili anataka kuipa kaunti mabasi ishirini ya umeme, uliza kwanza nani ataitengeneza mota mjini Nyeri. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko kilomita chache kutoka steji, kinafundisha uhandisi. Mafundi wa gereji za Majengo wangeingia darasani humo jioni, wakiwa bado na grisi mikononi, ningeanza kuamini.

Imebaki migongo ya vilima. Lami ikiisha, matatu nayo huishia hapo, na kazi inachukuliwa na bodaboda na Probox. Pikipiki ya umeme inaweza kufika huko kwa urahisi kuliko basi, maana betri yake huchomolewa na kuchajiwa sebuleni kama simu kubwa. Probox ni jambo jingine. Gari lililoundwa kwa watu watano linabeba tisa, wawili wakiwa kwenye buti pamoja na mtungi wa maziwa, na dereva ameegemea mlango.

Na hapo kuna jambo linalonisumbua ninapofanya hesabu hizi. Sacco ikileta vani kumi za umeme, zile kumi za diseli haziendi kuyeyushwa. Zitauzwa, na mnunuzi atazipeleka vijijini, Mukurweini na Kieni, kushindana na Probox. Wenzangu wengi huliona hilo kama kushindwa: moshi umehamishwa tu. Nimelipigia hesabu. Probox yenye watu tisa, kilomita 11 kwa lita ya petroli, inatoa gramu 23 hivi kwa kila mtu kwa kilomita. Vani kuukuu yenye watu 14 inatoa gramu 19. Kwa hewa, zinakaribiana. Lakini vani ina mikanda 14, na hakuna anayekaa kwenye buti.